Dokezo kwa mashine: historia fupi ya INLINE na SPECIALIZE



Tunapotumia programu ya kuhesabu, wengi wetu tunaangalia jibu tu. Tunajaza takwimu za mavuno, tunabonyeza, jibu linatoka. Lakini kuko watu waliopitisha maisha yao wakiuliza swali lingine: jibu hili limechukua muda gani, na nani alipaswa kuupunguza, mtu aliyeandika programu ao mashine iliyoitafsiri? Leo tuongee juu ya maneno mawili madogo yaliyozaliwa ndani ya swali hilo: INLINE na SPECIALIZE. Yanatumika katika lugha za programu zinazojengwa juu ya fonksio, kama vile Haskell. Mwandishi anayaweka pembeni ya kode yake, si kwa kubadilisha jibu, ila kwa kuidokezea kompilateri (ile programu inayogeuza maandishi ya mtu kuwa amri za mashine) njia ya kufika haraka.

Mimi ni mtu wa agronomia, si mhandisi wa kompyuta. Lakini historia hii inagusa kitu tunachokijua vizuri. Kuko mwongozo wa jumla unaoandikwa kwenye kituo cha utafiti, na kuko shamba lenyewe na udongo wake. Aliyeandika mwongozo hajaona shamba lako. Wewe unayelima, hukuona majaribio yaliyozaa ule mwongozo. Sasa nani aamue? Watu wa kompilateri wanabishana juu ya swali hilohilo tangu miaka ya 1950.

KWANZA TUELEWANE JUU YA KAZI YENYEWE

Fonksio ni kipande cha programu chenye jina. Unaandika mara moja, kwa mfano, fonksio ya kugeuza kilo za kiwanja kuwa tani kwa hektari, kiisha unaiita kwa jina lake kila fasi unapoihitaji. Ni vizuri kwa mwandishi. Lakini kwa mashine kila mwito ni safari: iweke takwimu fasi ambapo fonksio itazikuta, ikumbuke itarudi wapi, iruke, ifanye kazi, irudi. Kama kazi ya ndani ni kuzidisha mara moja tu, safari inakuwa ndefu kuliko kazi. Ni kama mkulima aliyeacha jembe nyumbani: kwa kila mstari wa mahindi anarudi kulichukua, analima hatua mbili, analirudisha tena.

Kupachika, na njo kitu ambacho INLINE inaomba, ni kuchukua mwili wa fonksio na kuuweka pale pale ambapo jina lake liliitwa. Safari imekwisha. Na kuko faida ya pili, mara nyingi kubwa kuliko ya kwanza. Mwili ukishapachikwa, kompilateri inauona pamoja na majirani zake. Kama takwimu iliyopelekwa inajulikana tayari, hesabu inafanywa mapema. Kama kuko njia ambayo haitapitwa hata siku moja, inakatwa.

Bei yake ni nakala. Fonksio ya mistari 200 ikiitwa fasi 50, ukiipachika kote unapata mistari 10,000. Programu inavimba, kompilateri inachelewa, na ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na prosesa haitoshi tena kubeba kode yote. Jembe moja kwa kila mstari, shamba linajaa majembe.

SPECIALIZE inagusa shida ya pili. Tuseme umeandika fonksio moja ya kupanga orodha, iweze kupanga namba, majina ao tarehe. Ili kupanga, lazima ijue kulinganisha: kipi kinatangulia? Katika Haskell fonksio ya namna hiyo inapewa kwa siri kitu kinachoitwa kamusi, ndani yake kumeandikwa namna ya kulinganisha vitu vya aina ile. Kila inapolinganisha vitu viwili, inafungua kamusi. Ukipanga majina kumi, hakuna anayesikia uzito. Ukipanga namba milioni moja, kamusi inafunguliwa mamilioni ya mara kwa jambo ambalo mashine ingelifanya kwa amri moja. Kutengeneza nakala maalum ni kuiambia kompilateri: toa toleo moja la fonksio hii kwa ajili ya namba tu, bila kamusi, na kila anayepanga namba apelekwe kwa toleo hilo.

Basi, maneno haya mawili yanafanya biashara moja: unatoa nafasi, unapata muda. Na nusu karne ya ubishi ilikuwa kujua nani anasaini ile biashara.

MIZIZI

Miaka ya 1930, kabla kompyuta za leo hazijajengwa, mwanahisabati Alonzo Church wa Princeton alitunga hesabu ya lambda. Ndani yake kuko karibu kitendo kimoja tu: chukua fonksio, chukua kitu ulichoipa, weka kitu hicho fasi ya jina lake ndani ya mwili wa fonksio. Tazama vizuri, hiyo njo kupachika. Kwa Church hiyo haikuwa mbinu ya kuongeza mbio. Ilikuwa hesabu yenyewe. Kompilateri inapopachika, inafanya mapema kitu ambacho programu ingekifanya baadaye.

Mwaka 1958 John McCarthy wa MIT alianza kutengeneza Lisp, lugha iliyochukua mawazo kutoka kwa Church, na mwaka 1960 akatoa makala yake maarufu juu yake. Lakini wakati ule mashine zilikuwa ghali sana na polepole, na waliokuwa wakiandika amri za mashine kwa mkono hawakuamini kwamba programu ya kutafsiri itaweza kuandika vizuri kama wao. Hofu hiyo njo John Backus na kundi lake la IBM walipaswa kuishinda walipoandaa FORTRAN, iliyotoka mwaka 1957 kwa mashine IBM 704. Walijua kwamba kama kode itakayotoka itakuwa nzito, hakuna atakayeitumia. Kwa hiyo walitia nguvu nyingi katika kuifanya kompilateri iwe na akili.

Hata hivyo, ndani ya FORTRAN ya kwanza waliweka amri moja ya ajabu: FREQUENCY. Kwayo mwandishi aliweza kuieleza kompilateri njia ipi ya programu itapitwa mara nyingi na ipi mara chache. Haikubadilisha jibu hata kidogo. Hiyo ni moja ya madokezo ya kwanza kabisa katika historia ya kompilateri. Na baadaye iliachwa. Tuikumbuke, juu itatusaidia mwishoni.

Upande wa fonksio, jina baya lilibaki kwa muda mrefu: wengi waliamini kwamba kuita fonksio ni ghali, basi mtu mwenye akili anaandika programu ndefu bila kuzigawanya. Mwaka 1977 kijana mmoja wa MIT, Guy Steele, alitoa makala ya kuvunja imani hiyo. Alionyesha kwamba mwito wa fonksio si ghali kwa asili yake. Ni ghali kwa sababu kompilateri nyingi zilikuwa zikiutafsiri vibaya. Mwaka uleule, Backus, baba wa FORTRAN, alipewa tuzo ya Turing, na katika hotuba yake akawashangaza watu: aliwaomba waachane na namna ya zamani ya kuandika programu, waelekee kwenye fonksio. Mtu aliyeshawishi dunia kwamba mashine inaweza kutafsiri vizuri, sasa alikuwa akitaka mashine ipewe kazi ngumu zaidi.

OMBI NA AMRI

Miaka hiyo madokezo yalianza kuenea. Lugha ya C ilikuwa na neno "register": mwandishi anaiomba kompilateri iweke kitu fulani kwenye sehemu ya haraka kabisa ya prosesa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Bjarne Stroustrup aliweka neno "inline" katika lugha iliyokuja kuitwa C++, na C yenyewe ililipokea rasmi katika toleo la 1999.

Lakini wazee wa Lisp njo walioandika jambo hili kwa usafi zaidi. Katika Common Lisp, iliyoelezwa kwenye kitabu cha Steele mwaka 1984 na kuwa kipimo rasmi cha Marekani mwaka 1994, kuko matangazo mawili. La kwanza, "inline", linasema: nakuomba upachike fonksio hii. La pili, "notinline", linasema: usiipachike. Ungefikiri ni ndugu mapacha. Hapana. Kompilateri ina ruhusa ya kupuuza la kwanza. La pili haina ruhusa ya kulipuuza.

Sababu gani? Juu mtu anayesema usipachike mara nyingi ana sababu inayogusa maana ya programu. Pengine anataka kuibadilisha ile fonksio programu ikiwa bado inatembea, na nakala zilizopachikwa zingebaki na mwili wa zamani. Pengine anataka kufuatilia kila mwito ili atafute kosa. Ombi la mbio linaweza kukataliwa bila hasara ya ukweli. Katazo la kulinda maana haliwezi. Kwa hiyo tangu mapema kulikuwa na mstari kati ya dokezo na sheria. Tutaona namna ulivyovukwa.

HASKELL NA KAMUSI YAKE

Septemba 1987, kwenye mkutano wa Portland, Oregon, watafiti wa lugha za fonksio waliona kwamba kila chuo kina lugha yake ndogo na nguvu zinatawanyika. Wakaunda kamati ya kutengeneza lugha moja ya pamoja. Waliipa jina la mwanahisabati Haskell Curry, na ripoti yake ya kwanza ilitoka tarehe 1 Aprili 1990. Ndani yake mulikuwa na wazo ambalo Philip Wadler na Stephen Blott walilitangaza mwaka 1989: kuzipanga aina za vitu katika makundi, kundi la vitu vinavyolinganishwa, kundi la vitu vinavyojumlishwa, na kadhalika. Shukrani kwa wazo hilo, fonksio moja ya kupanga inatosha kwa aina zote. Na zile kamusi za siri tulizozisema juu zilitokana na wazo hilohilo.

Chuo Kikuu cha Glasgow, huko Scotland, kilianza kutengeneza kompilateri ya Haskell mwaka 1989. Simon Peyton Jones na wenzake waliipa jina la mji: Glasgow Haskell Compiler, kwa kifupi GHC. Toleo la kwanza la majaribio lilitoka 1991. Hawakukawia kuona uzito wa lugha yao. Programu ya Haskell imejaa fonksio ndogo ndogo, moja juu ya ingine, kama matofali. Ukiacha kila tofali liitwe kwa safari yake, na kila fonksio ya jumla ifungue kamusi yake, programu itatambaa.

Kuko bahati moja hapa. Fonksio ya Haskell haina siri: ukiipa kitu kilekile, inarudisha jibu lilelile, leo na kesho. Basi kubadilisha jina kwa mwili wake hakuharibu maana, sawa na kwa Church. Lakini kuko mtego. Tuseme umehesabu kitu kizito mara moja, ukakipa jina, ukatumia jina hilo fasi mbili. Kompilateri ikipachika hesabu hiyo fasi zote mbili, jibu ni lilelile, ila kazi nzito inafanywa mara mbili. Kwa hiyo kuko hasara za namna mbili: kuongeza maandishi, na kuongeza kazi. Ya kwanza inavumilika. Ya pili inaweza kuua programu.

Peyton Jones na Simon Marlow walieleza mambo haya katika makala iliyochapishwa mwaka 2002 juu ya siri za sehemu inayopachika ndani ya GHC. Ukiisoma unaona ni kazi ya kukadiria. Kompilateri inahesabu jina linatumika mara ngapi na fasi gani. Inapima ukubwa wa mwili. Inaangalia kama kupachika kutafungua nafasi ya kurahisisha mambo mengine. Na kwa fonksio inayojiita yenyewe, lazima ichague fasi ya kukata mzunguko, la sivyo ingeendelea kupachika bila mwisho. Njo maana ukiandika INLINE juu ya fonksio inayojiita yenyewe moja kwa moja, haikusaidii kitu: GHC haitaipachika.

Makadirio yana mipaka, na pale yanapoishia njo dokezo la mtu linapoingia. Ripoti ya Haskell 98 iliandika wazi maneno matatu: INLINE, NOINLINE na SPECIALIZE. Iliyaita pragma, na ikasema kwamba si sehemu ya lugha yenyewe na hayabadilishi maana ya programu. GHC, kwa kuwa ilizaliwa Uingereza, inakubali pia ukiandika SPECIALISE.

Wengi waliogopa SPECIALIZE juu ya nakala. Fonksio moja ikizaa toleo kwa kila aina, programu haitalipuka? Mwaka 1994 Mark Jones alijaribu: aliondoa kamusi zote kabisa na kutengeneza nakala maalum kila fasi. Alikuta, kwa mifano yote aliyoijaribu, kwamba programu zilizotoka zilikuwa ndogo zaidi. Namna gani? Kamusi ni kama ghala lililojaa vifaa vya kila zao. Ukilibeba, unabeba vyote, hata vile ambavyo hutavigusa. Nakala maalum inabeba tu kile inachotumia. Hilo halikufuta hofu kwa programu zote za dunia, lakini lilionyesha kwamba hofu bila kipimo ni hofu tu.

UKUTA WA MODULI

Sasa tufike kwenye moyo wa jambo. Kwa nini kompilateri nzuri namna hii bado ilihitaji dokezo? Jibu: kwa sababu haioni programu nzima.

Programu kubwa inagawanywa katika moduli, na kila moduli inatafsiriwa peke yake. Ukitumia maktaba iliyoandikwa na mtu mwingine, kompilateri inasoma muhtasari wa maktaba ile tu. Katika muhtasari, GHC inaacha miili ya fonksio ndogo, ili wengine waweze kuipachika. Miili mikubwa inabaki nyuma ya ukuta. Basi mwandishi wa maktaba ya kupanga vitu kwa ufunguo hajui nani ataitumia, kwa namba ao kwa majina. Mtumiaji anajua aina yake vizuri kabisa, lakini haoni mwili wa fonksio. Mwenye mwongozo hajui shamba, mwenye shamba haoni mwongozo.

Kwa muda mrefu SPECIALIZE ilikuwa na kasoro hiyohiyo: ilipaswa kuandikwa ndani ya moduli ambapo fonksio imezaliwa. Yaani mwandishi wa maktaba alipaswa kubahatisha aina ambazo watu asiowajua watazitumia. Akiandika namba na majina, yule anayetumia tarehe anabaki na kamusi yake. Akiandika aina ishirini, kila mtu anabeba nakala ishirini hata kama anahitaji moja.

Novemba 2010, toleo la 7.0 la GHC lilileta neno jipya: INLINABLE. Linafanana na INLINE, lakini linasema kitu tofauti. INLINE inasukuma: pachika. INLINABLE inafungua mlango: weka mwili wa fonksio hii kwenye muhtasari kama nilivyouandika, hata kama ni mkubwa, kiisha kila mmoja aamue kule anakoitumia. Pamoja nayo, mtumiaji aliruhusiwa kuandika SPECIALIZE ndani ya moduli yake mwenyewe, kwa fonksio aliyoichukua kwa mwingine. Matoleo yaliyofuata yalikwenda mbali zaidi: kompilateri ikiona fonksio yenye mlango wazi inatumiwa kwa aina inayojulikana, inatengeneza nakala maalum bila kuombwa. Fonksio nyingi za maktaba ya Data.Map, ile inayotumiwa karibu kila fasi katika Haskell kwa kupanga vitu kwa ufunguo, zilipewa alama hiyo.

Kwangu mimi hiyo njo hatua kubwa kuliko zote katika historia hii, ingawa ni neno moja tu. Mwandishi wa maktaba aliacha kuamua kwa niaba ya watu asiowajua. Aliacha mwongozo wake wazi, na uamuzi ukahamia kwa mwenye shamba, ambaye anajua atapanda nini.

DOKEZO LINAPOGEUKA SHERIA

Tulisema pragma hazibadilishi maana. Lakini watu wana mbinu zao. Haskell ina mlango wa nyuma unaoitwa unsafePerformIO, unaokuwezesha kuficha kitendo chenye athari ndani ya thamani inayoonekana safi. Waandishi wengi waliutumia kutengeneza kitu kimoja cha pamoja kwa programu nzima, tuseme kihesabio. Ikiwa kompilateri itapachika kitu hicho fasi mbili, unapata vihesabio viwili, na kila kimoja kinahesabu peke yake. Kwa hiyo maelezo ya GHC yenyewe yanamshauri mwandishi aweke NOINLINE juu yake.

Munaona kilichotokea? Alama iliyotangazwa kuwa dokezo la mbio sasa inabeba ukweli wa programu. Iondoe, jibu linaweza kubadilika. Ni kama ule ukuta mdogo uliojengwa kwa ajili ya kivuli, kiisha mtu akaegemeza paa juu yake. Common Lisp ilikuwa imekubali jambo hilo tangu mwanzo kwa kuifanya "notinline" kuwa amri. Hata "inline" ya C++ ilipita njia hiyo: leo kazi yake kubwa ni kuruhusu fonksio moja iandikwe katika faili nyingi bila ugomvi, na kupachika kompilateri inajiamulia yenyewe.

NJIA ZINGINE

Si wote waliochagua madokezo. Kompilateri ya MLton, iliyoanza kazi mwaka 1997 kwa lugha ya Standard ML, ilibomoa ukuta wenyewe: inasoma programu nzima kwa mara moja na kutoa nakala maalum kwa kila aina inayotumika. Hakuna anayedokeza kitu. Lakini kila unapobadilisha mstari mmoja, programu nzima inatafsiriwa upya, na kwa programu kubwa hiyo inadai muda na kumbukumbu nyingi. Kwa mtu mwenye ordi ndogo na umeme wa kukatika-katika, bei hiyo si mchezo.

Scala, iliyozaliwa Lausanne huko Uswisi, ilileta alama ya @specialized katika toleo la 2.8, mwaka 2010. Scala ina aina 9 za msingi. Fonksio yenye kigezo kimoja cha aina inaweza kuzaa matoleo 10, pamoja na lile la jumla. Yenye vigezo viwili, 100. Yenye vitatu, 1,000. Hapo hesabu yenyewe njo inafundisha adabu: waandishi walilazimika kutaja aina chache wanazozihitaji kweli. OCaml, lugha ya watafiti wa Ufaransa, ilipokea mwaka 2016, katika toleo la 4.03, sehemu mpya ya kurahisisha kode iitwayo flambda, na alama zake za kupachika na kutengeneza nakala maalum. Hata hapo, miaka karibu sitini baada ya FREQUENCY, mtu bado anainong'oneza mashine.

TUNABAKI NA NINI?

Turudi kwenye yale madokezo ya zamani. FREQUENCY iliachwa. "Register" ilipuuzwa kidogo kidogo na kompilateri zilizojifunza kugawa sehemu za prosesa vizuri kuliko mtu, na mwaka 2017 C++ ililitoa kabisa katika kazi yake. Madokezo ya namna hiyo yalikuwa yakiieleza mashine kitu ambacho ingeweza kukigundua yenyewe siku moja. Siku ilifika, yakafa.

INLINABLE na SPECIALIZE bado ziko hai kwa sababu zinabeba habari ambayo haimo ndani ya kode ambayo kompilateri inaiona: nani atakuja kesho, na ataleta aina gani. Akili nyingi peke yake haitoi habari hiyo. Inabidi mtu aiseme, ao ukuta uvunjwe na bei yake ilipwe.

Kwa wale munaoanza kuandika Haskell ao OCaml, nafikiri historia hii inafupisha mambo. Kabla ya kuweka alama, pima programu, ujue muda unaishia wapi. Kiisha jiulize: kitu hiki ninachotaka kuidokezea kompilateri, inaweza kukiona yenyewe? Kama inaweza, iache. Kama haiwezi, andika, na karibu na alama yako andika pia sababu. Toleo la kompilateri litabadilika, wewe utakuwa umekwenda kwa kazi ingine, na kijana atakayefungua faili lako atakuta INLINE bila kujua ilitokana na kipimo ao na mazoea.

Sisi wa agronomia tunajua karatasi za namna hiyo. Kilo fulani za mbolea kwa hektari, zimeandikwa bila kutaja udongo gani wala mwaka gani, na zinaendelea kurudiwa kutoka silabusi moja hadi ingine. Pengine ziko sawa. Lakini aliyeandika hakuacha mlango wazi, basi anayelima hana namna ya kujua.

Wenzetu wa infomatiki, kama mumekutana na alama hizi katika kazi zenu, tuambieni mulipima namna gani.